Maneno ya Bwana Toader Niliyoyabeba hadi Doha

Sifa njema zote ni za Mola aliyempa mwanadamu ulimi wa kusema, kisha akampa kifua cha kuhifadhi yaliyosemwa. Yeye hasahau, sisi ndio wasahaulifu. Na kila anapotukumbusha tulichosahau, hiyo ni neema mpya inayodai shukrani mpya. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu, jamaa zake, na kila aliyeshika njia yake kwa wema.

Ndugu zangu wa baraza letu la Dodoma, tangu nirudi hamjaacha kuniuliza. Mmoja aliniuliza mbele ya watu baada ya Alasiri, "Sheikh, ni kweli ulikwenda Uarabuni kuigiza filamu?" Nikacheka tu, kwa kuwa jibu lilikuwa refu kuliko muda wa kuvaa viatu. Sasa nimekaa niwaandikie. Habari za tiketi na makaratasi nimeziacha, maana hazina faida kwa msomaji. Nawasimulia njia, watu niliokutana nao na kile nilichokwenda kukirudisha.

Mnajua kwamba ujanani nilipelekwa Moldova, wakati nchi ile ingali chini ya Wasovieti, kusomea kilimo cha mizabibu. Ndiyo elimu niliyoitumia mashambani hapa mpaka nilipostaafu. Msilolijua ni kwamba siku ambazo hatukuwa na masomo nilikuwa kibarua katika studio ya filamu mjini Kishinev. Bwana Toader, niliyemfanyia kazi pale, alikuwa mwandishi wa vitabu aliyegeukia filamu. Wakati huo maneno ya kila filamu yalirekodiwa upya ndani ya studio. Mkanda ulikatwa vipande, kila kipande kikaungwa ncha kwa ncha kikawa pete, na pete ile ikazungushwa kwenye mashine, picha moja ikirudi na kurudi, mpaka sauti ya msemaji iangukie sawasawa juu ya midomo. Kazi yangu ilikuwa kutundika pete na kuhesabu mizunguko. Mimi ni mtoto wa chuo cha Kondoa, niliyehifadhi msahafu nikiwa sijaota ndevu. Mnadhani mtu kama huyo atasikia neno mara thelathini asilihifadhi?

Bwana Toader alitengeneza filamu fupi, yapata nusu saa, juu ya fundi wa malango ya mbao aliyechukuliwa na askari usiku, akapelekwa nchi ya baridi kali, akarudi baada ya miaka mingi. Habari hiyo haikuruhusiwa kutajwa. Kamati ya serikali iliitazama mara moja, ikaifungia. Sauti ikafutwa na karatasi za maneno zikachukuliwa. Siku niliyokwenda kumuaga, Bwana Toader aliniuliza kwa sauti ya chini, "Bado unayo?" Akimaanisha maneno. Nikamwambia, "Ninayo." Akanishika bega, akaenda zake. Sikumwona tena.

Miaka ikapita. Mwanangu Salama, mnayemjua, anafanya kazi hotelini kule Lulu, kisiwa walichokijenga baharini mjini Doha. Mkubwa wake wa mapokezi ni mwanamke wa Kimoldova aitwaye Ilinca. Siku moja Ilinca alimwonyesha picha ya zamani ya baba yake, Bwana Toader, akiwa studio, na nyuma yake kijana mweusi mwenye pete za mkanda shingoni kama shada la maua. Salama akapiga ukelele, "Huyu baba yangu! Tazama masikio!" Kumbe mkanda wa filamu ile iliyofungiwa ulikuwa umefichwa miaka yote hiyo katika ghala la mapipa, nao ulikuwa bubu. Mama yake Ilinca, mjane wa Bwana Toader, alikuwa Doha kwa bintiye, na angerudi kwao Jumamosi. Bibi huyo macho yake yamekwisha. Filamu bubu kwa mtu asiyeona ni nini? Ndiyo sababu ya safari yangu: nifike kabla ya Jumamosi hiyo na maneno yote, ili asikie kazi ya mumewe mara moja kabla hajafa.

Dodoma hadi Morogoro

Niliondoka Jumatatu kwa treni ya umeme. Katika mkoba wangu mlikuwamo zabibu kavu, maandazi ya njiani, mfuko wa mlenda mkavu uliosagwa aliouagiza Salama, na daftari. Ndani ya daftari nilikuwa nimeyaandika maneno yote ya filamu, ila Kimoldova chenyewe nilikiandika kwa herufi za Kiarabu, kama nilivyozoea kuandika Kiswahili tangu chuoni. Karibu yangu aliketi mama mmoja, mwalimu mstaafu, Mama Eliza, mwenye msalaba mdogo shingoni na maneno mengi mdomoni. Tulizungumza vizuri mpaka Morogoro.

Hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo mwanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza asingelifanya. Udhu wangu ulikuwa umetenguka, na foleni ya msalani mle ndani ilikuwa ndefu. Nikasema nishuke nitawadhe upesi kituoni. Kijana wa kituo akaniambia, "Mzee, hii haisubiri mtu." Nikamjibu, "Nami simsubirishi Mungu." Jibu la kiburi, astaghafirullah. Nilipokuwa naosha mguu wa kushoto, milango ikafungwa. Nikaitazama treni ikiondoka kimya kimya na mkoba wangu, na daftari langu, nami nina kiatu kimoja mkononi.

Nikampigia Salama. Akasema, "Baba, si wewe uliyetufundisha ruhusa za msafiri? Kuchanganya, kupunguza, kutayamamu? Ulituchapa kwa sababu ya mlango ule wa kitabu!"

"Nilikuchapeni kwa kutojua," nikasema. "Mimi nilijua, nikajifanya mkubwa kuliko ruhusa."

"Basi nani akuchape wewe?"

Nikaswali, nikasubiri treni inayofuata.

Morogoro hadi Dar es Salaam

Nilifika Dar ndege yangu ikiwa imekwisha ondoka. Lakini pale kituoni, kwenye benchi ya mwisho, Mama Eliza alikuwa ameketi na mkoba wangu mapajani, ameukumbatia kama mtoto. Alikuwa amenisubiri saa zote hizo.

"Dada yangu, kwa nini usiuache kwa wahusika?"

"Nilifungua nitafute simu ya jamaa yako," akasema. "Nikaona daftari limeandikwa kwa mkono, mstari kwa mstari. Nimefundisha miaka mingi, naijua kazi ya mtu aliyeandika kwa hofu ya kusahau. Nikasema, huyu atalifuata hata kwa miguu. Maandazi yako nimeyala, unisamehe. Njaa ilikuja kabla yako."

Tulicheka mpaka watu wakageuka. Nilimpa nusu ya zabibu na dua yote niliyokuwa nayo. Nililala kwa mpwa wangu, na Jumanne ikapita katika kutafuta nafasi nyingine. Niliipata ya Jumatano. Siku mbili za kazi zilikuwa zimeliwa na mguu mmoja wa udhu.

Angani, na meza ya ukaguzi

Ya angani ni machache. Wali ulikuwa laini, kuku alikuwa mdogo, na jirani yangu alilala begani pangu tangu kupaa mpaka kutua. Nikamwacha, maana bega la mzee lina kazi gani nyingine.

Doha, kwenye meza ya ukaguzi, ofisa kijana alifungua mkoba. Akatoa mfuko wa unga wa kijani, akaunusa, akauweka chini. Akatoa daftari, akaona herufi za lugha yake, akaanza kusoma. Uso ukabadilika. Herufi anazijua, maneno hayana maana yoyote! Akasoma ukurasa wa pili kwa sauti, taratibu, kama mtu anayeonja dawa. Akaniangalia kofia, akaangalia unga, akaangalia daftari. Nikaelewa anachofikiri. Ndugu zangu, unga wa majani na maandishi ya Kiarabu yasiyosomeka. Hata mimi ningesema huyu ni mganga amekuja na talasimu zake. Katika nchi ile jambo hilo si la mchezo.

Alimwita mwenzake, mtu mzima mwenye ndevu za mvi. Nikamsalimu kwa Kiarabu nilichosomea, yaani kile cha vitabuni. Akatabasamu kidogo.

"Sheikh, unasema kama uko juu ya mimbari. Hii ni nini?"

"Ni mboga, bwana wangu. Huchemshwa ikateleza, ikaliwa na sima."

"Na hii?"

"Ni maneno ya mtu aliyekufa. Yalifutwa, nami nimeyahifadhi. Nampelekea mjane wake."

Akanitazama, akafungua daftari katikati, akaanza kusoma asiyoyaelewa. Nikamwomba aanzie mwanzo, kwa kuwa kifua changu hakijui kuingilia katikati. Akarudi mwanzo. Akasoma neno la kwanza. Mimi nikafumba macho nikaendelea, naye akifuatisha kwa kidole, mstari baada ya mstari, mpaka mwisho wa ukurasa. Alipoinua kichwa, yule kijana alikuwa ameinama naye kutazama.

"Hajakosea hata herufi," mzee akamwambia. Kisha akaniuliza, "Ni amana?"

"Ni amana."

Akafunga daftari kwa mikono miwili, akanirudishia. "Nenda, Mungu akufikishe. Lakini mboga inayoteleza," akasema akinirudishia mfuko, "siielewi."

Al Thumama

Salama anakaa Al Thumama, chumba kimoja na mwenzake wa Unguja, na Ilinca ana nyumba mitaa miwili mbele yake. Ndege zinapita juu karibu sana hata vikombe hutetemeka kabatini. Alhamisi mchana tulikwenda.

Bibi Nadia, mjane wa Bwana Toader, alikuwa ameketi karibu na dirisha ambalo halimsaidii kitu, kitambaa kichwani, mikono juu ya magoti. Nikamsalimu kwa Kimoldova changu chenye kutu. Akainua uso.

"Wewe ndiye Muislamu wa mizabibu?"

"Ndiye mimi, mama."

"Toader alikuwa akisema, serikali imetuletea kijana asiyekunywa kufundishwa kazi ya divai. Ulijifunza nini?"

"Zabibu kavu," nikasema, nikamwekea mkononi. Akatafuna, akacheka, akasema mumewe angechekea jibu hilo mwezi mzima.

Chakula kilikuwa sima. Naam, sima, ya mahindi ya njano, waliyoimimina juu ya ubao ikakaa kama jua. Ilinca akataka kisu. Mama yake akamkemea, akatoa uzi, akaupitisha chini kwa kupapasa na kuikata vipande vilivyo sawa. Huo ndio uungwana wa kwao, sima haikatwi kwa chuma. Salama akaleta mlenda wake. Bibi akachovya, akavuta, mlenda ukamfuata mpaka kidevuni.

"Mungu wangu, chakula kinanikimbia!"

"Kimbiza, mama," Salama akasema nilipomfasiria. Bibi akakimbiza mpaka bakuli likaisha. Kabla ya kula alikuwa amepiga msalaba, nami nikasema Bismillahi, na hakuna aliyemshangaa mwenzake.

Baada ya chakula Ilinca aliwasha picha kwenye kompyuta yake, nami nikaanza. Kwa adabu ya nyumba ya watu wa dini nyingine, tasbihi yangu niliiacha mfukoni. Nikasema mwanzo, na midomo iliyo kwenye picha ikakubali. Fundi akiranda mbao, jirani akimtania, askari wakigonga: kila neno likaanguka mahali pake. Ilinca alikuwa ameshika mdomo wake kwa mikono miwili. Bibi Nadia alikuwa ameinamisha kichwa kama anayesikiliza mvua. Nami, Mungu anisamehe, nilijiona bora.

Tukafika mwisho. Fundi anarudi, anasimama langoni, mkewe anatoka. Mwanamke yule katika picha ndiye Bibi Nadia mwenyewe, angali kijana. Mwigizaji aliyetakiwa aliugua, mumewe akamweka yeye, akampa sentensi moja tu ya kusema. Fundi anauliza, "Bado liko wazi?" Nikasema jibu la mwanamke kama lilivyo kifuani mwangu: "Liko wazi. Umechelewa kazini."

Bibi Nadia akanyanyua mkono.

"Sikusema hivyo."

Ilinca akarudisha picha. Nikasema tena. Safari hii hata Salama, asiyejua Kimoldova, aliona kwamba midomo inasema kirefu na mimi nasema kifupi.

"Nilisema, *Sikulifunga tangu usiku waliokuchukua*," Bibi akasema polepole. "Sentensi yangu moja katika maisha yangu. Nitaisahau?"

Ndugu zangu, sijui niwaeleze vipi. Nikakumbuka kilichotokea. Kamati ilipopata habari, iliagiza maneno ya mwisho yabadilishwe. Fundi asiwe amechukuliwa, awe amekwenda kazini mbali. Tukarudi studio wiki ya pili, pete zile zile zikazungushwa tena kwa maneno mapya, mara nyingi zaidi, maana midomo ilikataa. Baadaye hata hayo hayakuwatosha, wakaifungia filamu nzima. Nami maneno ya mwisho niliyoyasikia ndiyo yaliyokaa. Bwana Toader aliniuliza, "Bado unayo?" nikamwambia ninayo, na kumbe miaka yote hii mwisho wa filamu yake niliuhifadhi kwa kauli ya waliomnyamazisha.

Nikamwambia mjane wake ukweli huo, bila kujitetea. Kisha akasema, "Baada ya sentensi yangu kulikuwa na maneno mengine. Toader aliyaongeza studio, mimi sikuwapo. Hakuniambia ni yapi, alikuwa akiogopa kuniambia mambo. Nilidhani utanijia nayo."

Nikaomba ruhusa, nikaenda msikitini kuswali Magharibi.

Eneo la Viwanda

Ijumaa baada ya sala ya Jumaa tulikwenda Eneo la Viwanda, ambalo wafanyakazi wa kule huliita Sanaya. Huko anakaa Wasswa, Mganda, mlinzi wa hoteli ya akina Salama, ambaye siku yake ya mapumziko hutengeneza video za harusi. Hiyo ndiyo siku pekee aliyokuwa huru, na kesho yake Bibi angesafiri. Ilinca alikuja na mama yake, ingawa tulimwambia bibi apumzike. "Nimepumzika vya kutosha," alisema.

Dereva wetu alikuwa Mkenya, Mutua. Aliposikia habari alinitazama kwenye kioo. "Buda, umetoka Dodoma kufanya movie? Na hizo mvi zote?"

"Mvi ndizo zilizoniletea kazi," nikamwambia.

"Basi ukitoka kwa screen usinisahau, mimi ndio driver wa staa." Alituteremsha kati ya gereji na jengo refu la vyumba vya wafanyakazi, akakataa kuondoka, alisema atasubiri aone mwisho.

Chumba cha Wasswa kina vitanda vinne vya juu na chini. Wenzake walikuwa wametundika mablanketi ukutani ili kuua mwangwi, na wengine wameketi kwenye ngazi kuwanyamazisha wapitao. Kiyoyozi kikazimwa kwa sababu kinanguruma. Dakika tatu hazikwisha tukawa tunachuruzika jasho kama tuko kwenye birika. Kila nikifika katikati ya ukurasa, basi la kampuni lilipiga honi nje, na mimi, kwa kuwa siwezi kuingilia katikati, nikarudi mwanzo wa sura.

"Hajji, rudi pale ulipoachia tu, ssebo," Wasswa akasema, yaani bwana kwa Kiganda.

"Mwanangu, kamba ya kisima huivuti kuanzia katikati."

"Nani amesema kisima? Mimi nakufa na joto!"

Tukafika pale fundi anaposimama langoni. Wasswa akasimamisha, akasema kwa upole, "Mzee, usijisumbue. Sentensi ya bibi tunayo. Hayo mengine tuweke muziki, au utunge kitu kinachofaa. Nani atajua?"

Niliona Ilinca ananitazama. Njia rahisi ilikuwa pale, imefagiliwa. Nikasema, "Sisi tumefundishwa na walimu wetu kwamba msimulizi akisikia aseme nimesikia, na asipojua aseme sijui. Nikiongeza neno langu kinywani mwa marehemu, nitakuwa kamati ya pili."

Nikamwomba aifanye picha ile ya langoni izunguke, imalizike na kuanza tena bila kukoma, kama pete ya zamani. Akafanya. Fundi akaja langoni, mke akatoka, lango likabaki wazi. Fundi akaja langoni, mke akatoka. Mara kumi. Mara kumi na tano. Kifuani mwangu maneno yalikuwa yale yale ya kamati, yamekaa kwenye kiti cha mwenye nyumba.

Hapo Bibi Nadia, aliyekuwa ameketi juu ya kitanda cha Wasswa akijipepea kwa kadi ya harusi ya mtu, akasema, "Kuna kitu kimekosekana. Nilikuja studio mara moja kumletea Toader chakula. Nilikusikia wewe. Ulikuwa na kitu kinalia, tik, tik, tik. Leo sikisikii."

Nywele zikanisimama. Tasbihi! Wiki ya kwanza nilihesabu mizunguko kwa tasbihi ya marehemu baba. Wiki ya pili mtu wa kamati aliiona, akasema studio si mahali pa ushirikina, akanipa chaki. Maneno yao niliyahesabu kwa chaki ukutani. Maneno ya Bwana Toader niliyahesabu kwa shanga.

Nikaitoa mfukoni. Ni ile ile. Nikasema Bismillahi, nikamwashiria Wasswa aendelee, na kila lango lilipoonekana nikavuta shanga moja. Tik. Tik. Nilifumba macho. Nilisikia harufu ya gundi ya mkanda. Shanga ya ishirini na kitu, ulimi ulitangulia kabla akili haijajua:

"Bado liko wazi?"

"Sikulifunga tangu usiku waliokuchukua."

Kisha picha inabaki kwenye lango tupu, watu hawaonekani, ni sauti tu. Sauti ya fundi: "Wenzangu niliokuwa nao huko hawana tena malango."

Na sauti ya mke: "Basi na waingie kwa hili."

Sikurekodi hapo hapo. Nilivuta mzunguko wote wa shanga nikijipima, maana mahali pale hapakuwa na midomo ya kunisahihisha, palikuwa na dhamiri yangu tu. Kila mara yalirudi yale yale, kwa mpangilio ule ule. Ndipo nikamwambia Wasswa, "Nimesikia. Chukua."

Mahali pamoja hapakujaa. Fundi anapogeuka kuondoa theluji kofiani, midomo yake inatikisika kidogo, nami sina neno lake. Nikasema sijui. Wasswa akauliza apaacheje, na Bibi Nadia akajibu baada ya Ilinca kumfasiria, "Paache kimya. Toader hata nyumbani hakuwa akimaliza sentensi."

Al Thumama tena

Kabla ya Magharibi siku ile tulikuwa tena kwa Ilinca, Wasswa na Mutua pamoja nasi. Picha ikawekwa, sauti ikawa yangu kwa watu wote, fundi mimi, jirani mimi, askari mimi, na hata mke ni mimi, kwa lafudhi ya Kondoa. Mutua alibana kicheko kila nilipokuwa mwanamke. Bibi Nadia hakucheka. Alisikiliza amegeuzia sikio kwenye kompyuta, na midomo yake ilitikisika pamoja na sentensi yake moja. Iliposemwa ile ya mwisho, ya kuwaingiza wasio na malango, alitafuta mkono wa binti yake hewani, akaupata.

"Hiyo ilikuwa yangu," akasema. "Aliniwekea mdomoni, na hakuniambia."

Baba yake Bibi Nadia na kaka zake wawili, Ilinca alinieleza kwa sauti ndogo, walichukuliwa usiku na hawakurudi.

Bibi akaacha ndege ipite juu na vikombe vitulie. Kisha akanigeukia, akaniuliza kama alivyoniuliza mumewe, kwa maneno yale yale, sijui kama Bwana Toader alimsimulia au Mungu alimtilia tu ulimini: "Bado unayo?"

"Hapana, mama," nikasema. "Sasa mnayo ninyi. Mimi nimeirudisha."

Asubuhi ya Jumamosi tulimsindikiza bibi mpaka uwanjani, na zabibu zake mkobani. Mimi nilirudi siku tatu baadaye, na safari hii Morogoro sikushuka.

Ewe uliyesoma mpaka hapa, Mola akuhifadhie ulichokihifadhi, akukumbushe ulichokisahau kabla mwenyewe hajaja kukidai, akukutanishe njiani na watu wanaolinda mkoba usio wao, na siku utakapofika kwenye lango la mwisho ukiwa umechoka, akujaalie ulikute limeachwa wazi. Amin.